Nilivyojificha Kwenye Ufunguo wa C

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mnivumilie, nitasoma kwa daftari, kwa sababu nikiwaangalia nitanyamaza.

Mimi ni Mwende, yule huketi nyuma ya kinanda hapa kanisani Kabiria ili asionekane. Kitu hamkujua ni kwamba nilikuwa nacheza ufunguo mmoja tu, wa C. Kinanda chetu kina kitufe. Mama Kasyoka akianzisha wimbo juu, nabonyeza, sauti inapanda, vidole vyangu vinabaki palepale. Mkasema nina kipawa. Nami nikapokea sifa.

Mwaka huu nikapata nafasi chuo cha muziki kule mjini, masomo ya Jumamosi ya nadharia na piano. Piano ya kweli haina kitufe, ndugu zangu. Na noti sikujua kusoma. Mwalimu Wambui akinichezea wimbo, naushika kwa sikio, halafu nakodolea karatasi macho kama anayesoma. Miezi mitatu hivyo. Kila Jumamosi tumbo linauma, mama ananiombea tumbo lipone, na mimi najua ni uongo unauma.

Ikafika siku ya mtihani wa kuamua nani ataendelea. Mwalimu akaniwekea wimbo mpya, na hakuucheza kwanza. Nikaomba moyoni, Yesu nitoe hapa. Nilitaka anitoe kwa mlango. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mwalimu, siwezi kusoma noti hata moja."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Wewe hugeuza ukurasa wimbo ukishaisha, msichana wangu. Nimekungoja uniambie."

Nikalia. Akavuta kiti karibu, akaweka kidole changu kwenye karatasi, mstari wa chini kabisa. "Hii ni E. Sema." Nikasema.

Mtihani sikupita. Nimerudishwa kwa wanaoanza, na watoto wadogo kutoka mtaa wa Karen ambao hunisahihisha, "Anti, hapo ni F, si G." Nawashukuru tu.

Mama, pole nilikuacha ukiombea tumbo. Mungu alijua ulichokuwa unaomba.

Na wewe unayeficha kitu leo, mwamini Yesu, halafu mwambie hata mtu mmoja. Mimi niliogopa kufukuzwa, na muda huo wote nilikuwa nangojewa.