Soma Kwanza Anaacha Kiti Chake

Fundi wetu wa kompyuta, ambaye hospitali nzima tunamwita Soma Kwanza, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Nimeombwa niandike mimi, mfagizi wa jengo la maabara, kwa kuwa chumba chake nimekifagia miaka kumi na tisa. Shule yangu iliishia darasa la tano, basi mtanivumilia.

Alianza kwa kutengeneza mashine za kupiga chapa. Zilipokuja kompyuta akajifunza, na zilipowekewa mfumo mpya unaoitwa Linux akajifunza tena, mvi zikiwa zimeshaingia. Kila hitilafu aliyoirekebisha aliiandika kwenye daftari. Anayo manne. Moja lina doa la chai, na doa hilo ni langu.

Wanaodhani kompyuta ni kubonyeza tu hawajamwona kazini. Mashine ikigoma, yeye huweka mikono mapajani, akasoma maandishi ya kwenye kioo kwa sauti, mstari kwa mstari, halafu akauliza: huyu anamsubiri nani? Maana programu hizo, alivyonieleza, hubebana. Hii haisimami mpaka ile iwepo, na ile nayo ina yake inayoitaka. Ikikosekana moja, zote zinalala.

Sitasahau siku binti yangu alipokuwa wodini akisubiri upasuaji wa kujifungua, na daktari akisubiri majibu ya damu yake. Programu ya maabara ikakataa kufunguka. Asubuhi ile dada wa mapokezi ya maabara alikuwa ameingiza programu ya printa kutoka kwenye flashi, kwa nguvu, huku mashine inamwonya. Alipojaribu kurekebisha, ikamuuliza kama ifute programu arobaini na sita. Kidole kiko juu ya kitufe cha kukubali. Mimi mlangoni na ufagio wangu, nikamwambia abonyeze tu, mwanangu anangoja!

Soma Kwanza akaingia, akakivuta kiti nyuma, dada akiwa amekikalia. Akasoma orodha yote. Karibu na mwisho ilikuwemo programu ya maabara yenyewe. Tungeifuta kwa mikono yetu. Akaijibu mashine hapana. Akaiondoa ile ya printa, kwani ndiyo iliyong'ang'ania toleo la zamani la kitu ambacho maabara ilikitaka kipya, akaiagiza mashine ijaze kilichopungua, na kabla sijamaliza kulia majibu yakatoka. Binti yangu mzima, na mtoto anatambaa. Printa ilirudi mchana, kwa toleo lake sahihi.

Hakumsemea dada kwa wakubwa. Alimpa daftari la kwanza akalisome, na tangu siku hiyo akawa anamfundisha kazi. Jumatatu ijayo dada ndiye atakayekikalia kiti cha Soma Kwanza, na mimi, sitaficha, niliogopa.

Juzi kompyuta ya chumba cha dawa ikagoma. Watu wakaanza: haya, haya, foleni hiyo! Dada akaweka mikono mapajani, akasoma kwa sauti. Soma Kwanza akamsikiliza mstari wa kwanza, wa pili, kisha akaondoka zake kwenda kunywa chai. Miaka kumi na tisa namwona akinywa chai iliyopoa. Siku hiyo aliinywa ya moto.

Asante sana, kaka yetu. Msalimie wifi. Maisha yako huko nyumbani yawe mema, na chai yako isipoe tena.