Swali la Mlangoni pa Chumba cha Ukungu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Minegishi, uliyetoka makao makuu Nagoya ukapanda hadi bondeni kwetu Sawatari,

Karibu sana. Chai ipo na viti vipo. Tumebaki watatu, hivyo viti havijatusumbua kwa muda mrefu. Mimi ni Shibukawa Tomoe, nasoma kwa niaba ya wenzangu.

TULIKOTOKA

Wazee wetu waliotesha ukungu wa kutengenezea mchuzi wa soya. Baadaye wakaujaribu kwenye pumba za ngano ambazo wasagaji walikuwa wakizitupa, na ukungu ukakubali. Hadi leo tunazipika pumba kwa mvuke, tunazitandaza kwenye trei, tunazinyunyizia mbegu za ukungu na kuzigeuza kwa mikono zisipate joto kupita kiasi. Ukungu ukikomaa tunaulowesha na kukamua vimeng'enya.

TUNACHOJIVUNIA

Vimeng'enya vyetu vinalainisha mikate ya watu, vinang'arisha maji ya matunda, vinawasaidia wenye matumbo mazito. Walaji hawatujui nasi hatuwajui. Basi la jioni limefutwa na bweni limefungwa, lakini chumba bado kina joto, na majira ya baridi tunakaa humo hata kazi ikiisha, maana hakuna anayetusubiri kwingine.

Tunajivunia pia mwiko wetu. Anayegusa ukungu hali natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa yenye mlenda, kwa sababu kidudu chake kikiingia kwenye trei kinaumeza ukungu wote. Kwa hiyo kila asubuhi mlangoni tunaulizana, "Umekula nini leo?" na kila mmoja anajibu.

YALIYOTUSIBU

Wa nne wetu ni Mzee Kuwabara, aliyetufundisha sote. Mkewe, Bi. Fumie, alikuwa mzaliwa wa Mito, mji unaosifika kwa natto, na mtu wa Mito bila natto hajaamka. Miaka yote alikwenda kuila kwa jirani, akapiga mswaki ndipo akarudi kwa mumewe. Alikuwa akitutania, "Mwenzenu nina mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ni ukungu. Nitamshinda lini?"

Alipougua hakuweza tena kwenda kwa jirani. Mzee akawa anamnunulia, anamwachia kwenye baraza la vioo, naye mwenyewe anasimama bustanini nyuma ya kioo mpaka mkewe amalize. Walikula hivyo mwaka mzima, mmoja ndani na mmoja nje.

Bi. Fumie alifariki majira ya theluji. Siku chache baada ya mazishi, Mzee alikuja kazini, kwa kuwa nyumba ilimshinda. Hori, mwenzetu aliyekuwa mlangoni, alimwinamia akampisha. Hakuuliza. Mgeni rasmi, nani anamuuliza mfiwa amekula nini?

Kesho yake pumba zilikuwa na mlenda na harufu tuliyoijua. Pumba za chumba kizima zilitupwa. Mzee hakujitetea. Alituambia tu, "Kikombe chake kimoja cha natto kilibaki kwenye friji. Kutupa nilishindwa. Nikakila." Kisha akavua koti la kazi, akalikunja vizuri.

Makao makuu yakamwamuru akae nyumbani. Nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Tukifungua mvuke anafungua dirisha, hata theluji ikianguka. Tunampungia mkono, naye anatupungia. Hori hatumlaumu.

OMBI LETU

Tulikuwa na mengi ya kuomba, paa likiwemo. Tumeyafuta. Tunaomba Mzee Kuwabara arudishwe.

Ofisi yako iliuliza kwa barua kuna uhakika gani kwamba kosa halitarudiwa. Uhakika tunao, na tungependa tusiwe nao. Mla natto wa nyumba ile hayupo tena. Mzee anaamka peke yake, anakula peke yake, na hakuna wa kumuuliza amekula nini.

Tunaomba tumuulize sisi, kila asubuhi, mlangoni.

Mola akurudishe salama Nagoya, ukute taa inawaka kwako na mtu wa kukufungulia.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Ukungu, Sawatari:
Shibukawa, Hori, Nagae, na Kuwabara.