Viatu Vyekundu Vilivyobaki Nyasini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hamjaitikia vizuri!

Mimi ni Mama Nekesa. Nilivuka mpaka kutoka Kenya kutafuta riziki, naishi hapa jijini, mtaa wa Kamwokya. Kazi yangu ni lile jumba la plastiki linalojazwa upepo kwa mashine, watoto wakaruka ndani. Nalitandaza katika bustani ya jiji shule zikifungwa, Krismasi, Pasaka na Idd. Miezi mingine limekunjwa chumbani, limekula nusu ya nyumba, nami nalikodolea macho tu.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa wasiwasi! Chakula hakishuki, usingizi wa mang'amung'amu. Msimu ukiwa mbali, nauliza nitakula nini. Msimu ukifika, naangalia mbingu, wingu lile linakuja huku? Kuomba nilikuwa naomba, lakini jicho moja liko wazi.

Basi siku ya Idd bustani ilijaa. Viatu vya watoto vililundikana mlangoni, maana haruhusiwi mtu kuingia na viatu. Mara upepo ukavuma kutoka upande wa ziwa, pembe ya jumba ikaanza kunyanyuka. Nikapiga kelele, "Tokeni! Wote tokeni!" Wakatoka wakilia. Nikachungulia ndani, sikuona mtu, nikazima mashine. Jumba likalala chini. Mvua ikamwagika, kila mzazi akanyakua wake akakimbia.

Pale nyasini vikabaki viatu vidogo vyekundu.

Akaja mama mmoja anakimbia, mke wa askari, mtu wa kaskazini. Alikuwa ameenda kununua maji. "Mama, hiyo ni viatu ya Hawa yangu. Hawa iko wapi?"

Ndugu zangu! Mashine niliizima mimi, kwa mkono huu! Niliingia chini ya ile plastiki kwa tumbo, napapasa gizani, maji yananiingia mdomoni. Mama Hawa akaingia upande wa pili. Yeye anaita, "Ya Allah!" Mimi naita, "Yesu!" Tukakutana katikati, mikono mitupu. Hapo nikamwambia Mungu, chukua jumba, chukua msimu wote, nipe huyu mtoto. Siku hiyo nilifumba macho yote mawili.

Tulipojikokota nje, sauti ikatoka kwenye banda la chipsi. "Nani amepoteza mtoto? Mimi nilikuja na wanne, sasa niko na watano!" Mama wa watu, katika kukimbia alizoa watoto wake, akazoa na wa jirani! Hawa alikuwa hapo, miguu peku, anakula chipsi, hana habari.

Haleluya! Nilimvisha viatu, cha kulia nikakitia kushoto. Mama yake alinicheka huku analia.

Sisemi wasiwasi umeisha. Siwezi kudanganya madhabahuni. Hata sasa mmeniona nachungulia dirishani. Lakini moyo wangu umepata pa kushika. Nikiona wingu nawatoa watoto, nazima mapema, wazazi wanune wasinune.

Namshukuru Mungu wangu! Na wewe uliyekaa kule nyuma, unayehangaika hata wa nyumbani kwako hawajui ulipo, usikate tamaa. Yuko anayekutafuta kwenye mvua, na viatu vyako amevishika mkononi. Itika tu, ndugu yangu. Mwambie, niko hapa.