Sista Janefer Ashuka kwenye Ambulensi

Sista Janefer Mageto anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita akiwa muuguzi wa ambulensi. Angeweza kubaki miaka mitano zaidi. Ameomba kuondoka mapema, na sisi wenzake wa ambulensi hatukumzuia.

Alizaliwa Kapsoit, binti wa mchuma chai aliyehamia kutoka Kisii. Alipoajiriwa, gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, na asubuhi lilisukumwa ndipo liwake. Mama mmoja wa Kapkatet alimzalisha pacha gari likiwa limekwama kwenye matope, wachuma chai wakimkinga mvua kwa aproni zao za plastiki. Mmoja aliitwa Janefer. Wa pili, mvulana, aliponea chupuchupu.

Mwaka jana, saa nane mchana, aliitwa kwenye soko moja upande wa Ndanai, ambako mama mmoja alikuwa amegongwa na pikipiki. Mvua ilikuwa imekata barabara, wakafika wamechelewa. Watu walikuwa wameshakasirika. Mawe yalianza kabla mlango haujafunguliwa, na dereva wake, Kimeli, akapigwa jicho la kushoto. Halioni hadi leo. Sista aliteremka hata hivyo, mikono juu, akapiga magoti kando ya yule mama. Walimvuta nywele, wakampokonya mtungi wa oksijeni. Mama alifia mikononi mwake.

Aliwaandikia wakubwa wake barua tatu akiomba wavu wa chuma madirishani, redio, na askari wa kuwasindikiza. Alijibiwa barua moja tu: apelekwe semina ya kuongea na umma kwa upole. Alienda. Aliporudi alimwambia Kimeli, "Wametufundisha namna ya kuomba msamaha."

Hakuna aliyeshtakiwa. Mwezi jana gari letu la pili lilivunjwa vioo huko huko. Tangu siku ile ya mawe, simu ya dharura ikilia, Sista hutetemeka hadi glavu zinamshinda kuvaa. Tumekuwa tukimvisha, naye anapanda gari. Nafasi yake imetangazwa mara mbili, hajaomba mtu.

Asante, Sista, kwa kila mgonjwa uliyemfikia. Utulie nyumbani na ng'ombe wako, na Mungu akupe usalama ambao sisi tulishindwa kukupatia.