Wasifu wa Mama Yetu, Fundi wa Sare, na Ukweli Kuhusu Chai Yake

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu. Mimi ni kitinda mimba wake, yule mliyezoea kumwita mgonjwa. Kaka yangu alikuwa ameandika wasifu mzuri, lakini kuna mahali haukuwa wa kweli, na kosa si lake, maana hakujua. Huu mlio nao mkononi niliupeleka kwa mpiga chapa mwenyewe bila kumwonyesha. Kaka, unisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha viatu. Alikuwa wa pili kati ya mabinti wawili wa mlinzi wa kiwanda hicho. Alisoma kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akawa hashikiki kwa hesabu. Wazazi walimudu kumwendeleza mtoto mmoja tu, wakamwendeleza mkubwa. Mama hakuwahi kulilalamikia hilo. Alisema dada yake alikuwa na kichwa cha vitabu, yeye ana kichwa cha vitambaa.

Alishona sare za shule kwa miaka arobaini na mmoja, katika chumba cha mbele ambacho dirisha lake linatazama lango la shule. Walimwita Bi Sentimita, kwa kuwa alikupima kwa jicho moja kabla hajagusa tepu, na tepu ikaja kumuunga mkono. Kuna mwalimu mkuu aliyerudisha suruali akidai imenywea kiunoni baada ya kufuliwa. Mama akamwambia, "Mwalimu, suruali iko palepale. Wewe ndiye uliyesafiri." Mwalimu alicheka, akaagiza nyingine. Kila jioni, kabla ya kufunika cherehani, mama alihesabu vifungo. Kikipungua kimoja, nyumba nzima tulipiga magoti sakafuni tukikitafuta.

Tarehe 2 Agosti 1980 aliolewa na baba yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto wawili. Waliishi kwa utani mwingi mpaka baba alipotutoka mwaka 2003.

Mwaka 2016, nikiwa na miaka ishirini na tisa, niliondolewa tezi ya shingoni iliyokuwa na saratani. Mama alikaa kando ya kitanda changu siku kumi na moja. Nilipona, nikarudi kazini maktaba, tukadhani yamekwisha. Mwaka 2020 yakazuka mengine. Moyo ulianza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu, na siku moja nilivunjika kifundo cha mkono kwa kusukuma dirisha. Daktari alisema mifupa imedhoofika, akaniongezea vidonge vya mifupa juu ya kile kidonge cha kila asubuhi kinachofanya kazi ya tezi iliyoondolewa.

Mama alikuwa na miaka sitini na minne. Kila siku alitembea dakika ishirini kuja kwangu, na chupa ya chai ya maziwa mkononi. Alinishonea kifuko chenye mifuko miwili, mmoja wa kifungo cheupe kwa kidonge cha asubuhi, mwingine wa kifungo cha buluu kwa vya mifupa. Niliona haya kutunzwa kama mtoto, nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akasema hajabisha, mtu mzima naye anywe chai.

Juni 2021 nililazwa, uso umevimba, sauti imekuwa nzito, nahisi baridi mchana kweupe. Nesi aliuliza ninavyomeza dawa. Mama akajibu kuwa nameza na chai yake. Nesi alimweleza kwa upole kwamba maziwa huizuia dawa ile ya asubuhi isifanye kazi vizuri, kwamba humezwa kwa maji matupu, na chakula kisubiri. Mama mkubwa, dada yake, alikuwa mlangoni. Akasema, "Basi chai yako ndiyo imemponza mtoto."

Nilikuwa macho, na nilijua si chai. Kwa karibu miezi miwili nilikuwa sikimezi kidonge cha asubuhi. Nilikuwa nimechoka nacho, nikaamini ndicho kinachoukimbiza moyo wangu, na sikumwambia daktari wala mtu yeyote. Nikanyamaza.

Tangu hapo ukawa utani wa ukoo. Kila kikao, mtu husema Bi Sentimita asiguse birika, atatumaliza. Mlicheka, na mimi nilicheka nanyi. Kicheko hicho ndicho kinachonila mpaka leo. Mama aliendelea kuja kila asubuhi, sasa na chupa ya maji ya moto. Na yeye aliyependa chai ya maziwa kuliko chakula, hakuinywa tena hata nyumbani kwake. Alisema ameizoea ya rangi.

Januari 2025 moyo wake ulianza kushindwa. Alilazwa tarehe 3 Septemba, na asubuhi ya tarehe 9 nikaona sina siku nyingi za kujificha.

"Mama, haikuwa chai," nikamwambia. "Nilikuwa simezi dawa."

Alinitazama kwa lile jicho la kupimia. "Najua. Ulipolazwa nilikwenda kutandika kitanda chako. Vilikuwa hamsini na vitatu, chini ya godoro."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa huwezi hata kuinua kijiko. Wangekusema mpaka ushindwe kupona. Mimi kusemwa nimezoea, nimeshona suruali za watu miaka yote hiyo. Usiwaambie. Yaishie hapa."

Nilimwahidi. Alifariki tarehe 11 Septemba 2025, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika miguu. Ahadi hiyo nimeivunja leo mbele yenu, na najua angenikaripia. Lakini alibeba kosa langu miaka minne akiwa hai. Sitamzika nalo.

Mama mkubwa, sikulaumu. Ulisema ulichoamini. Aliyejua ni mimi.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto wawili, mkamwana mmoja na wajukuu watatu.

Tukitoka hapa tutarudi nyumbani kwake. Kuna birika kubwa mezani, na chai iliyomo ni ya maziwa, nimeipika mimi. Kidonge changu nimekimeza alfajiri kwa maji, kutoka mfuko wa kifungo cheupe. Aliyewahi kucheka anywe kikombe kimoja, nami nitakunywa cha kwanza.

Mama yetu apumzike kwa amani. Lawama ibaki huku juu, na mwenyewe.