Maziwa Ambayo Ndagijimana Hakunywa

Mapadiri, wazee, mama zetu, na ninyi wote mulioacha kazi kwa ajili yetu, mimi ni Védaste, mudogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, mukae vizuri, sitasoma haraka.

Muzee Ndagijimana Cyprien alizaliwa tarehe 9 mwezi wa pili 1909, kule Rutshuru, mutoto wa kwanza wa papa Habarurema na mama Nyirakamana, akasoma kwa mapadiri mpaka 1922, akaacha kwa sababu ng'ombe za baba zilikosa muchungaji, na mwenyewe alisema hata darasani alikuwa akisikia kengele zao. Mwaka 1930 alishuka Goma kuuza maziwa, asubuhi ukungu ungali umelala juu ya ziwa, munasikia sauti yake kabla ya kumuona, na muuzaji aliyechanganya maji ndani ya maziwa, marehemu alimuita mwizi mbele ya muke wa muuzaji huyo. Tarehe 14 mwezi wa saba 1934 alifunga ndoa na mama Mukamurenzi, Mungu akawapa watoto wane, mukubwa wao ni Léoncie.

Mwaka jana, 1956, akaanza kuvimba uso na miguu, daktari akasema mafigo yamechoka, hayachuji tena damu, akamukataza chumvi, nyama na maziwa, maji akamupimia kikombe, akatueleza kwamba kule Bulaya kuna mashine za kuosha damu, lakini ni chache, na ugonjwa wa siku nyingi kama wake haziuponyeshi. Tangu hapo marehemu akawa mutu wa ndoto, kila asubuhi anamusimulia mama Mukamurenzi kwamba damu yake imeshuka polepole mpaka ziwani, imeoga, imerudi mwilini ikiwa baridi, ao kwamba mvua ya Masisi imeingia nyumbani na yeye amelala kinywa wazi, na alisimulia akitabasamu, sisi tukatoka inje kulia.

Alitamani kitu kimoja tu, kumuona Léoncie akiolewa, na alitukataza kabisa kutaja ugonjwa, akiogopa watu waseme nyumba hii ina damu mbaya. Basi tarehe 2 mwezi wa sita papa Hitimana alituletea maziwa ya posa ya kijana wake, na desturi munaijua, baba ya binti anakunywa wa kwanza, asipokunywa amekataa, marehemu akapokea kibuyu, akakinusa kwa muda mrefu, akakiweka chini. Papa Hitimana aliondoka bila kuaga, na posa ikasimama pale.

Alituacha tarehe 21 mwezi wa saba 1957, saa ya kukamua.

Tunamushukuru daktari, watawa waliomuuguza, wauza maziwa wenzake, na majirani wa Kituku waliokula bila chumvi kila walipokuja kwake, ili asile peke yake.

Papa Hitimana, nakuona pale karibu na mulango, asante kwa kuja, na amri ya mukubwa wangu nimeivunja mbele yako. Hakumukataa mutoto wako, alikatazwa kunywa, na alikubali kiu ile kwa sababu alitaka kuifikia harusi. Tukitoka makaburini maziwa yatakuwa nyumbani, Léoncie anakungoja, na ukikubali kumimina, mimi nitakunywa wa kwanza mahali pake.

Ndagijimana, mukubwa wangu, pumzika kwa amani.