Mwalimu Zahran, Aliyeomba Makaburi Yahamishwe

Bismillah. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko marejeo. Haya yanasomwa hapa skuli ya Chokaani baada ya hitima, mbele ya watu waliofundishwa na marehemu, na hao ndio karibu kijiji kizima.

Marehemu Zahran bin Hamzah alizaliwa Gando, Wete, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Hamzah na Bi Raniya. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye alipopata akili yalikuwa yamebaki masimulizi tu. Alitiwa chuoni kusoma Qur-ani, akasoma skuli ya msingi hukohuko Gando, sekondari Wete, kisha ualimu Unguja, alikomaliza mwaka 1981.

Januari 1982 aliletwa hapa Chokaani, wilaya ya Mkoani, kufundisha sayansi. Alidhani atakaa mwaka mmoja arudi kwao. Yakhe, mwaka gani! Mwaka 1985 alimuoa Bi Mwanakhamis binti Nassor, mzaliwa wa hapa, na asirudi tena. Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2018.

Somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa la darasa la nne, hali ya hewa na tabianchi. "Hali ya hewa ni mtu alivyoamka leo," alikuwa akisema. "Tabianchi ni tabia yake, na tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja." Siku moja aliomba mfano. Akasimama mtoto mmoja, Shamima, akasema, "Mzee Hija leo kacheka, lakini tabia yake kununa!" Kumbe Mzee Hija, kaka wa Bi Mwanakhamis, yuko dirishani, kamletea shemeji yake muhogo. Darasa likaangua kicheko, Mzee akanuna palepale, na Mwalimu akasema mfano umetimia.

Kila mwaka, bamvua kubwa linapojaza maji kupita kawaida, aliwapeleka watoto pwani kupiga kigingi pale maji yalipoishia. "Kigingi kimoja ni hali ya hewa," akiwaambia. "Vigingi vya miaka mingi, hiyo ndiyo tabianchi." Na vigingi vilikuwa vinapanda, vinayafuata makaburi ya kijiji, yaliyokuwa pwani tangu enzi za mababu. Watu wakanong'onezana kuwa ardhi inapimwa kwa ajili ya hoteli. Wakaving'oa, wakavifanya kuni. Waliopikia vigingi vile wanajijua, na wengine wamekaa hapa.

Aliomba msikitini, akaomba tena na tena, watu waanze kuzikwa juu, karibu na skuli. Mzee Hija ndiye aliyekuwa akimjibu.

"Shemeji, iangalie bahari ilivyolala. Hii ndiyo ya kutuhamisha?"

"Hiyo ni ya leo, Mzee."

"Sasa mimi niishi na ya lini?"

Watu wakicheka. Wengine walisema, mtu wa Gando ndiye wa kutufunza kuzika?

Bi Mwanakhamis alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 6 Januari 2011. Mwalimu alitaka mkewe azikwe juu. Mzee Hija alishika jeneza akalia, "Dada yangu mkamtupe huko peke yake, na mama yetu yuko pwani?" Mwalimu, mtu aliyekuwa hashindwi na maswali ya watoto, siku ile alishindwa kusema hapana. Bi Mwanakhamis akazikwa pwani.

Machi 2023 bamvua lilikuja na upepo mkali, likaondoka na makaburi. Watu waliokota mifupa waliyoiona, wakaizika upya huku juu. Ya Bi Mwanakhamis haikuonekana. Mwalimu alishinda akitembea ufukweni na sanda mpya begani. Jioni alirudi nayo imekunjwa vilevile. Tangu hapo, ukimuuliza kama mvua itanyesha, alijibu, "Sijui." Yeye huyo! Iliuma kumsikia.

Novemba 2024 alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa. Alitibiwa hospitali kisha akarudishwa nyumbani, akauguzwa na binti yake Ummi. Siku moja alimwambia, "Nizikeni pwani, alipokuwa mama yako."

"Baba, si ndiwe ulotufunza kuwa maji yanakuja?"

"Yanakuja."

"Sasa?"

"Yanikute hapo. Yanipeleke alikokwenda yeye."

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, mvua ya masika ikimwagika. Vijana walikwenda pwani kuchimba kama alivyousia. Wakafika magotini, maji ya chumvi yakajaa shimoni. Wakasogea, wakachimba tena, yakajaa tena. Walipotaka kuanza la tatu, Mzee Hija aliwazuia. "Basi, wanangu. Hapazikiki. Mpelekeni juu." Kisha mzee wa watu alikaa kwenye tope akalia kwa sauti.

Mwalimu Zahran alizikwa juu, pakavu, baada ya sala ya Ijumaa. Alichowaombea wenzake miaka yote ile akanyimwa, alipewa mwenyewe siku ambayo hakukitaka tena.

Ameacha watoto watatu, Ummi, Ridha na Aseel, wajukuu saba, na shemeji yake Mzee Hija, ambaye aliposomewa maneno haya jana alisema yasipunguzwe hata moja.

Ewe Mola wetu, mpe Mwalimu Zahran utulivu katika kaburi lake. Na Bi Mwanakhamis, ambaye hatuna kaburi la kumsomea, mpe utulivu hukohuko maji yalikomfikisha. Amin.